Mkwe Darasani

Tusidanganyane: benchi la mtoto halikuchongwa kwa makalio ya mtu mzima. Wiki ya nne sasa, Agosti ile ya 1956, walimu kumi na mmoja wa ukingo wa ziwa Mweru walikuwa wamekunjana humo, magoti kidevuni, wakifundwa namna ya kufundisha vijana Kiingereza. Shule ilikuwa imefungwa na vijana wenyewe wako kambini wanavua, kwa hiyo walimu walipokezana: mmoja anasimama ubaoni, kumi wanajifanya vijana wa miaka kumi na mitano. Watu wenye wajukuu wananyoosha vidole! Rodwell, mwalimu kijana wa Kafutuma, alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa.

Uchovu ungekuwa huo tu, angeuvumilia. Lakini benchi la nyuma alikaa Mwewa, mwalimu wa Chienge, mzee wa miaka ishirini na mitano ya chaki, na baba wa Olipa, mke wake Rodwell. Ndoa ilikuwa ya mwaka mmoja. Ile karamu ya kumwingiza mkwe nyumbani ilikuwa haijapikwa, na mpaka ipikwe, kijana hamtazami baba mkwe usoni, hamtaji jina, hamsemeshi. Heshima si utumwa, wanasema, lakini inabana jamani.

Muzungu mwenye mafunzo naye alikuwa na sheria yake: mwalimu amwite kila mwanafunzi kwa jina, amtazame, amuulize, ajibiwe. Akimruka mmoja, ameanguka mtihani. Jumanne Rodwell aliwauliza tisa, akamruka Mwewa, akaanguka. Jairos, msaidizi wa muzungu, mtu wa hukuhuku, alijaribu kueleza mambo ya ukwe. Muzungu akafuta miwani, maana hata yeye alikuwa hoi, akasema darasani hakuna mkwe, kuna mwalimu na mwanafunzi tu. Rodwell angerudia Ijumaa, mara ya mwisho.

Na si karatasi ya cheti tu iliyokuwa inagombewa. Kafutuma kulikuwa na vijana thelathini waliomaliza madarasa ya chini, na darasa lao la juu lingefunguliwa kwa sharti moja, apatikane mwalimu mwenye cheti cha Kiingereza. Mwalimu waliyekuwa naye ni Rodwell. Asipopita, wanarudi kwenye nyavu, basi. Alhamisi hakula. Alikwenda peke yake kando ya maji kujaribu kulitamka jina la mzee, likamkwama kama mwiba wa samaki.

Ijumaa akasimama, mabati juu yanawaka. Akamwuliza Fanwell, akamwuliza Patson, akaenda benchi kwa benchi, na alifundisha vizuri hata muzungu akaacha kuandika. Wakatimia tisa. Akabaki mmoja. Rodwell alitazama sakafu, jasho linadondokea chaki. Aliwaona wale vijana thelathini, akaona aibu ya kufa mtu, na bado neno halikutoka.

Benchi la nyuma likalia. Mwewa aliinuka polepole kwa magoti yake mabovu, akachukua kofia, akaelekea mlangoni. Muzungu akamkumbusha kwamba atokaye bila ruhusa amejifuta kwenye mafunzo, na zamu yake ya ubaoni ilikuwa mchana uleule. Kila mtu alijua maana yake. Bila cheti, mzee angerudishwa kwa watoto wadogo, kuimba a-e-i-o-u mpaka astaafu.

"Najua, Bwana," Mwewa alisema. "Mi ni muzee, nimechoka. Hesabu sasa batoto benye kubakia. Bote balijibu."

Muzungu akahesabu. Tisa. Akaandika kwamba Rodwell amepita. Wenzake walipiga makofi, lakini yeye alikuwa ameshatoka mbio.

Alimkuta mzee kwenye njia itokayo mabwenini, mkeka begani, anamjia usoni kabisa. Rodwell alikuwa na shukrani tele, za Kibemba na hata za Kiingereza alichopewa cheti chake. Miguu ikafanya ilivyolelewa: ikamwingiza majanini, ikamgeuza mgongo, kama kijana anavyompisha mkwe. Hatua za mzee zikafika nyuma yake, zikasimama. Alimsikia anavyopumua. Neno moja tu angempa, moja, na hilo moja lingekuwa tusi.

Hatua zikaendelea kuelekea Chienge. Rodwell alilia palepale majanini, mwalimu mzima, na hakugeuka mpaka mzee alipokuwa hasikiki tena.