Mkuu wa Mwezi Mmoja

Mwalimu Mkuu wetu alikuwa akirudi safari, begi bado limefungwa, tayari anaulizia nyingine. Sisi walimu tulimwita Bwana Semina, na sidhani kama alichukia. Kila nchi ya mbali yenye chuo cha kuwafundisha wakuu wa shule namna ya kuwa wakuu wa shule, yeye alishakaa humo, akapewa kalamu na mkoba wa kitambaa, akapigwa picha ya pamoja kwenye ngazi. Kila mara alirudi na maneno mapya. Mwaka mmoja alirudi na uongozi shirikishi, tukashirikishwa kufagia ukumbi. Mwaka mwingine akaja na mlango wazi: mlango wa ofisi yake usifungwe, mwanafunzi yeyote aingie amweleze shida yake. Mlango ulikaa wazi kweli, ila ndani hamkuwa na mtu.

Mtu alikuwa chumba cha pili, naye ni mimi, makamu wake. Ratiba, kengele, zamu, mzazi aliyekuja amefura, mwalimu aliyeamka na homa, choo kilichoziba, mtoto aliyejikojolea kwa kuogopa hesabu, vyote vilipita mezani kwangu. Walioniita Mama Ratiba walidhani wananisifu. Miguu ilivimba, mume wangu, nesi mstaafu, akawa ananipima presha kila jioni na kutikisa kichwa. Nilikuwa nimechoka ule uchovu usiotoka kwa usingizi. Nililala nao, nikaamka nao, nikaupeleka kazini.

Nilitaka kitu kimoja tu, darasa la kwanza. Nilitaka niuweke chini umakamu, nirudi kuwafundisha watoto wadogo kusoma, kule nilikoanzia kazi, mpaka siku ya kustaafu. Darasa lile liko mwisho wa jengo, karibu na bomba la kunawia, na watoto wake huenda nyumbani adhuhuri. Mwalimu wake naye huenda nyumbani. Na kuna siku, huijui ni ipi, mtoto anaunganisha herufi mwenyewe, neno linamtoka mdomoni, anakuangalia kwa mshangao utadhani wewe ndiye uliyelisema. Kwa ajili ya siku hizo ningeacha vyeo vyote vya dunia.

Ombi nilikwisha kuliandika. Kwa utaratibu wetu, ombi la makamu husainiwa kwanza na mkuu wake, ndipo liende kwa Afisa Elimu. Langu lilikaa mezani kwa Bwana Semina, chini ya jiwe zuri alilopewa zawadi kwenye kozi mojawapo, muhula ukaingia, muhula ukatoka. Nikiliulizia, jibu lilikuwa lilelile: "Nikirudi, dada yangu." Hakuwa mjinga. Bila mimi asingepanda ndege.

Ndipo ukaja mwaliko wa kozi ya makamu.

Alinijia nao mkononi, uso umemshuka. "Dada, umeuona huu? Eti makamu peke yao. Wakuu hawatakiwi."

"Basi zamu yangu imefika," nikamtania.

Akacheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole. "Na baridi ya kule utaiweza? Na miguu hiyo?" Kisha akafunga mlango, yeye wa mlango wazi, akavuta kiti karibu. "Nimefikiria. Tubadilishane. Wewe uwe mkuu, mimi makamu. Kwenye karatasi tu, mwezi mmoja."

"Mkuu, hayo ni makaa unajipalia."

"Makaa gani, dada? Hii shule si unaiendesha wewe? Nani hajui?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kulisema, na siku alipolisema alikuwa anatafuta ndege. Nilisikia uchungu, tena nikasikia na utamu kidogo, ndivyo binadamu tulivyo.

"Na ombi langu?"

"Nikishuka tu kwenye ndege, naja kulisaini kabla sijanywa maji. Haki ya Mungu."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama. Waandaaji walitaka makamu kamili, si wa kushikilia nafasi kwa muda, kwa hiyo tulipoandika barua zetu hatukuweka tarehe ya mwisho. Yeye aliandika kwamba anaomba kushuka awe makamu kwa hiari yake. Mimi niliandika kwamba ninaukubali ukuu. Afisa Elimu alizipitisha siku hiyohiyo. Ofisi ile hukaa na barua ya kuomba chaki hadi chaki zisahaulike, kwa hiyo haraka yake ilipaswa kutushtua. Hatukushtuka. Yeye alikuwa anatafuta sweta, mimi nilikuwa naota darasa la kwanza.

Mwezi ule nilikuwa mkuu bila makamu. Kazi ya jana ilibaki palepale, ikaongezewa vikao. Kiti cha mkuu kilikuwa kinazunguka, laini, na sikukikalia ila wakati wa kuvua viatu. Afisa Elimu alipita mara moja moja. Mama mtulivu, mnene wa heshima, asiyepoteza neno. Alizunguka madarasani, akaangalia vyoo, akaonja maji ya bomba, akanisalimia, akaondoka. Nami nikadhani ananionea huruma.

Bwana Semina aliporudi, kwa mara ya kwanza nilimwona amechoka. Kwa kawaida alirudi ananukia manukato ya ndegeni, mashavu yamejaa. Safari hii alikuja na midomo iliyopasuka kwa baridi na mabega yaliyoshuka, mkono mtupu, hata kalamu hakuleta. Aliingia ofisini nikainuka nimpishe kiti, akaketi kwenye benchi la wazazi.

"Lile ombi liko chini ya jiwe," nikamwambia. "Kalamu hii hapa."

Kabla hajajibu, mlango ukagongwa. Afisa Elimu aliingia, tukampa shikamoo, akaketi, akatuangalia mmoja mmoja.

"Nimekuja kumkabidhi mkuu shule yake rasmi," akasema.

"Ahsante sana, mama," nikasema, "na kweli mwenyewe amerudi salama."

"Ninayemkabidhi ni wewe."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

"Mama," nikaanza, "yale yalikuwa ya mwezi mmoja tu, kwa ajili ya..."

"Mwezi mmoja umeandikwa wapi? Huyu ameomba kushuka, wewe umekubali kupanda. Cheo si koti, mwalimu, kwamba mtu anaazima akipata safari." Aliyasema polepole, bila hasira, na nikaelewa kwamba mama huyu alikuwa akiisubiri barua ya namna ile tangu zamani, sisi tukampelekea wenyewe. "Lakini mimi si katili. Mkiandika nyote wawili sasa hivi kwamba mlikosea, nitarudisha kama ilivyokuwa."

Nilishavuta karatasi. Nikaandika kwa haraka ya mtu anayekimbia mvua, nikasaini, nikamsogezea Bwana Semina. Hakuigusa.

"Mkuu, andika," nikamwambia.

"Usiniite hivyo, dada." Alikuwa anaangalia viatu vyake. "Unajua kozi ile ilikuwaje? Hakukuwa na ukumbi. Siku ya kwanza walinipeleka shule, wakanipa mtu wa kumfuata. Mama wa umri wako, makamu. Mfuate, wakasema, ufanye anachofanya. Asubuhi getini, kwenye baridi, anawapokea watoto kwa majina. Mwalimu hajaja, anaingia yeye darasani. Wawili wamepigana, anakwenda yeye. Chakula anakula amesimama. Mwezi mzima nilimfuata, miguu ikawa kama yako." Akajikanda goti. "Nilimaliza kila siku nimechoka, na nikalala. Mimi huwa silali, dada. Sijawahi kumwambia mtu."

"Sasa si vizuri? Rudi kitini kwako ufanye kazi."

"Pale siwezi." Alikionyesha kile kiti cha kuzunguka kwa kidevu. "Miaka yote hiyo nilikuwa nasafiri ili nisikae pale. Nikikaa, mtu ataingia aniulize jambo, na mimi jibu sina. Najua maneno, jibu sina. Ukinirudisha pale, nitaondoka tena, wewe mwenyewe unajua. Niache niwe makamu. Kengele nitapiga. Zamu nitashika. Getini nitasimama. Ila pale usinirudishe."

Nilitaka kumcharaza rula. Nilitaka kumkumbatia pia, na hilo liliniudhi zaidi. Nani anamruhusu mtu kuwa na huzuni ya kweli siku ambayo mwenzake anadai haki yake?

"Na mimi je?" nikauliza, sauti ikanitoka juu. "Mimi nimechoka! Hamnioni? Mimi darasa la kwanza nimeliomba tangu lini?"

Afisa Elimu alinyoosha mkono, akaliinua lile jiwe, akalitoa ombi langu, akalisoma hadi mwisho. Kisha akaliweka mbele yangu.

"Ombi la kushuka madaraka husainiwa na mkuu wa shule," akasema. "Mkuu ni wewe. Saini, na mimi nitapitisha leo, kesho uko darasa la kwanza. Sikufungi kamba. Ila jua kwamba mtu mwingine wa kumweka kwenye kiti hiki sina. Itabidi akikalie huyu, apende asipende, na makamu hatakuwepo."

Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Nilikuwa nimemlaumu mtu miaka kwa saini ile, na sasa saini ilikuwa yangu. Nje ilikuwa mapumziko, watoto wanapiga kelele. Nikaanza kuhesabu mambo ya muhula kichwani, kwa mazoea tu, kama mtu anavyojikuna. Mitihani ya darasa la mwisho. Paa la jengo la nyuma. Yule mwalimu wa hesabu ambaye akikaripiwa anaacha kazi, akibembelezwa anafundisha kama malaika. Nikamwangalia Bwana Semina kwenye benchi la wazazi, mikono katikati ya magoti, akisubiri mtu mzima amwamulie.

Sikusema nakubali. Naomba hilo lieleweke. Nililichukua ombi langu, nikalirudisha chini ya jiwe, nikavaa viatu.

Nyumbani habari ilitangulia. Dada zangu walipiga simu wanapiga vigelegele, wifi akaja na watoto, kila mtu hongera, hongera, hatimaye Mungu ameona. Nikaingia chumbani nikalia. Mume wangu alinifuata na kipimo chake cha presha, akakaa kitandani, hakukifunga.

"Unalia furaha au unalia nini?" akauliza.

"Nalia, basi."

"Na kwa nini hukusaini, mke wangu? Shule ilikuwepo kabla yako."

Nikamwambia aniletee maji ya kulowekea miguu, akaleta, wageni sebuleni wakaendelea kunipongeza bila mimi.

Bwana Semina alishika neno lake, siwezi kumsingizia. Alisimama getini asubuhi, akipotea kidogo katika majina ya watoto, akiuliza, akijifunza. Kengele alipiga kabla ya wakati, afadhali kuliko baada. Darasa la kwanza nilimpa binti mmoja aliyetoka chuoni karibuni, sauti nzuri, subira nyingi. Sikwenda kuliangalia. Nilitafuta sababu za kupita upande wa pili.

Kisha siku moja nilikuwa napita nje nikawasikia wanasoma. Kundi zima lilikuwa limekwama kwenye neno moja, wanavuta silabi ya kwanza wee, ya pili haiji, wanacheka, wanaanza tena. Nilisimama pale bombani. Nikajiambia dakika mbili tu, nitakaa nyuma kwenye kiti kidogo cha mtoto, nisikilize mpaka walipate. Nikasukuma mlango.

Yule binti aliniona, akashtuka, akapiga makofi. "Simameni! Mwalimu Mkuu!"

Walisimama wote, mikono ubavuni, macho ubaoni. "Shikamoo, Mwalimu Mkuu," wakaimba kwa pamoja.

"Marahaba. Kaeni, wanangu, endeleeni."

Hawakukaa. Wamefundishwa kwamba mkuu akiingia unasimama mpaka atoke, na kanuni hiyo niliiandika mimi mwenyewe kwenye ratiba ya nidhamu, enzi za umakamu, kwa ajili ya Bwana Semina. Binti akawaambia kaeni, wakamwangalia yeye, wakaniangalia mimi, wakabaki wima. Mmoja wa mbele, kimeno kimetoka, midomo yake ilikuwa bado inalitafuta lile neno kimyakimya, na alipoona namtazama akaifunga.

Nilingoja kidogo, labda watachoka. Watoto wa umri ule hawachoki kusimama wakiogopa. Basi nikatoka, nikaurudisha mlango taratibu, na nyuma yangu nikasikia viti vyote vinaburuzwa kwa pamoja, wakikaa.