Telesphor Anatambulisha Ukoo

Ugonjwa wa kusahau ulipofika kwetu Sitalike ulikuwa umeelekezwa nyumba sahihi, ila ulipoingia ndani ukakosea kitanda. Mimi nilikuwepo, mwanamke wa miaka sabini na kitu, meno yanahesabika, goti moja halinisikilizi, nimeshajiandaa kusahau kila kitu kuanzia majina ya mashemeji. Ukanipita. Ukaenda kwa mwanangu Telesphor, fundi cherehani, mwenyekiti wa jumuiya, aliyekuwa hajafikisha hata miaka hamsini.

Tulichelewa kuujua kwa sababu ulianzia kwenye rozari. Jumuiya yetu inasali nyumba kwa nyumba, na Telesphor ndiye alikuwa anaongoza. Kila fungu lina Salamu Maria kumi, hata mtoto wa komunyo ya kwanza anajua hilo. Sasa siku ya zamu ya nyumba yetu Telesphor akafika ya kumi akaendelea. Akaendelea tena. Rozari iko mkononi lakini kidole kimeganda punje moja. Na sisi tunaitikia tu. Nani amkatishe mwenyekiti, na Mama Maria mwenyewe anasikiliza? Mkewe Felista alikuwa ameacha maharage motoni, tukayanusa yakiungua tangu fungu la pili. Tulipomaliza watu wakasema mwenyekiti ameshukiwa na roho wa sala. Parokiani wakamchagua aende semina. Miezi mingi tukakaa tunamsifu mtu anayeumwa.

Tulishtuka aliposhona suruali za sare za shule akaziba chini zote, mguu haupiti, zimekaa kama mito ya kulalia. Mwalimu akasema fundi amelewa. Kassiani, mdogo wake Telesphor, dereva wa lori, mtu mwenye jibu la kila kitu, akasema kaka amerogwa. Mimi nikasema twende hospitali kwanza, wachawi hawana haraka, tutawakuta.

Hospitali kubwa huko Mbeya daktari kijana akampa Telesphor karatasi, akamwambia achore saa. Akachora mviringo mzuri sana, wa fundi. Halafu namba zote akazisukumia upande mmoja, zimebanana kama mbuzi wanaokimbia mvua. Daktari akaitazama ile saa muda mrefu. Baada ya vipimo vingine vingi akatuambia jina la ugonjwa, Alzaima.

"Huo si wa wazee?" nikamwuliza.

"Kwa kawaida, bibi. Ila wachache unawakuta mapema."

"Basi andika humo kwenye kompyuta yako kwamba huo ugonjwa ulinikuta mimi mama yake nimekaa hapa hapa ukanipita."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema dawa za kuuponya hazipo, zipo za kumsaidia kidogo. Kidogo ndiyo tuliyorudi nayo nyumbani.

Hayo ni ya nyuma. Ninachotaka kusimulia ni Jumamosi ya utambulisho wa Faith.

Faith ni mtoto wa kwanza wa Telesphor, mjukuu wangu, kwa hiyo ni mke mwenzangu, tunagombana kila siku na tunapendana. Alikuwa amempata kijana wa Mishamo anaitwa Heri, fundi pikipiki, mrefu, mpole. Wazee wa Heri wakatuma habari kwamba wanakuja. Na desturi yetu mnaijua. Baba mwenye binti anasimama mbele ya wageni, anawatambulisha ndugu zake mmoja mmoja, huyu nani, huyu nani wangu, na kila anayetajwa anasimama. Mwisho anamwita binti, na anatamka kwa mdomo wake kwamba amekubali. Baba akiwa hai, hakuna mwingine wa kulitamka hilo neno.

Sasa nitegulieni kitendawili hicho. Mtu asiyejua amekula au hajala, ataje ukoo mzima mbele ya wakwe.

Tukakaa kikao uani. Kassiani akaanza.

"Kaka apelekwe Litapunga kwa shangazi mpaka Jumatatu. Mimi nitasimama kama baba."

"Wakimwulizia?" nikasema.

"Kasafiri."

"Kasafiri siku ya binti yake? Kaenda kuuza nini?"

"Mama, nyie hamjui watu. Wale wakisikia kuna ugonjwa wa kichwa kwenye ukoo, wanapanda pikipiki zao wanarudi Mishamo, na Faith anabaki hapa anatutazama."

Felista alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Yeye ndiye anayemvalisha mumewe shati kila asubuhi, ndiye anayemfuata akianza safari ya mtoni kwa viboko. Akasema taratibu, "Anayosema shemeji yanaweza kuwa kweli."

Faith akasimama. "Baba mdogo, nakuheshimu. Lakini nikitolewa na wewe sitoki. Nitakaa hapa nizeeke, niwamalizie mchele."

Kassiani akanigeukia. "Mama, sema basi. Akikosea mbele ya watu?"

"Atakosea," nikamwambia. "Wewe ulipofunga ndoa ulikosea jina la bibi harusi, na wala hukuwa unaumwa."

"Nilikuwa nimeonja kidogo."

"Basi Telesphor atasimama, na hataonja."

Kusema kweli nilijitapa tu. Wiki nzima nilimkalisha mwanangu barazani nikimfundisha majina. Huyu Kassiani. Huyu shangazi Theopista. Anaitikia vizuri, nikienda kugeuza ugali na kurudi, hamna kitu. Nikajaribu njia yangu, vitendawili, maana hivyo alivimeza akiwa hana hata meno.

"Kitendawili."

"Tega," akadaka hapo hapo, macho yamechangamka.

"Tuliamka wote tumelowa, lakini mmoja tu ndiye alichapwa."

Akafikiri. "Nimeshindwa. Chukua mji."

"Nipe."

"Sumbawanga."

"Nimeenda Sumbawanga, nimekula samaki, nimelala kwenye godoro kavu. Jibu ni Kassiani, mdogo wako."

Akacheka mpaka akakohoa. "Kassiani nani?" akauliza.

Nikaacha.

Jumamosi wakaja. Walioongozana na Heri ni wazee na kina mama kadhaa, mbele yao baba yake mkubwa, Mzee Melkiadi, kofia kichwani, Kiswahili chake kina Kirundi ndani kama mchuzi wenye ndimu. Tukawakalisha chini ya turubai. Telesphor tulimvalisha suti ya harusi yake, inamtosha bado, ugonjwa haujagusa kiuno. Kassiani alikaa kwenye kiti cha mbele kabisa, miguu tayari, aruke mambo yakiharibika.

Telesphor akasimama. Akatutazama. Nikasikia kuku wanachakura. Jina halikuja. Kassiani akaanza kuinuka, na hapo ndipo Telesphor alipomwona, akamnyooshea kidole.

"Huyu namjua vizuri. Huyu alikuwa anakojoa kitandani anageuza godoro, mpaka darasa la sita. Tulilala pamoja. Mimi ndiye niliyekuwa nalowa."

Kassiani amesimama nusu, hawezi kukaa hawezi kwenda. Wageni wakatazamana. Halafu Mzee Melkiadi akapiga paja lake, akacheka, na upande wao wote ukamfuata.

Mwanangu akapata nguvu. Akamfikia shangazi Theopista, wa Litapunga. "Huyu aliolewa akarudi, akaolewa akarudi. Mwisho baba akaacha kufunga mlango." Akamfikia binamu yake Oswaldi, mzee wa kanisa, tai shingoni. "Huyu alikula kuku wa padri Ijumaa Kuu. Nilimwona. Alinipa bawa nikanyamaza." Oswaldi akashika tai yake kama imemkaba. Majina hakutaja hata moja, lakini hakuna aliyebaki hajulikani.

Akanifikia mimi. Akanitazama kwa huruma. "Huyu ni mama. Alikuwa mzuri sana huyu. Sijui wamemfanya nini."

Akina mama wa Mishamo walipiga vigelegele huku wanajifuta machozi. Mimi nilisimama nikapunga mkono, ningefanyaje.

Akamfikia Felista. Hapo sauti ikashuka. "Huyu ndiye anayenipa chakula. Huyu msimchukue."

Felista akainama, akawa anakunja ncha ya kanga na kuikunjua.

Basi akabaki binti. Faith akatolewa ndani, kavaa gauni la kitenge, mashangazi wawili pembeni. Akasimama mbele ya baba yake. Telesphor akamtazama juu mpaka chini, akatabasamu kama mtu anayetazama mgeni wa heshima.

"Binti mzuri," akasema. "Wewe ni wa nani?"

Wageni wakaanza kucheka, wakidhani ni utani ule ule. Faith hakucheka.

"Mimi ni wa Mzee Telesphor."

"Telesphor gani? Fundi?"

"Huyo huyo."

"Umetoka nyumba nzuri. Msalimie."

Kicheko kikaishia njiani. Mzee Melkiadi akavua kofia. Akanigeukia mimi, si Kassiani.

"Mama, huyu mzee anatania au anaumwa?"

"Anaumwa, na anatania. Kutania alianza zamani, kuumwa ni miaka hii ya karibuni."

"Anaumwa nini?"

Kassiani akanikanyaga mguu. Nikautoa. Nikamwambia Melkiadi yote, rozari, suruali, saa iliyochorwa, na jina la ugonjwa.

"Ni wa ukoo?" akauliza.

"Daktari alisema ukianza mapema hivi, wakati mwingine unatembea kwenye damu, wakati mwingine hautembei. Kwetu sijamwona mwingine. Siwezi kukuapia."

"Binti analijua hili?"

"Nalijua," Faith akasema. "Na Heri anajua tangu mwaka jana. Nilimwambia kabla hajatuma mtu."

Melkiadi akamgeukia Heri. "Ulijua hukutuambia?"

"Mngenikataza, baba mkubwa."

"Ndiyo, tungekukataza."

Wakaomba faragha. Wakaenda nyuma ya banda la kuku, wote, hata kina mama. Tukasikia Kirundi kinapanda na kushuka. Faith alikaa kwenye mkeka, mikono magotini, hatazami huko. Telesphor akamsogelea akamwuliza kama amekula.

"Nilisema mimi," Kassiani akaninong'oneza. "Nilisema, Mama."

"Nyamaza, mkojozi."

Walikaa huko mpaka wali ukaanza kushika sufuria. Waliporudi Melkiadi hakukaa.

"Tumeongea," akasema. "Wengine wanasema hivi, wengine wanasema vile. Mimi nimewaambia, na sisi kwetu wapo ambao leo tumewaacha Mishamo makusudi ili msiwaone. Tukianza kufukuana, hapa patabaki mashimo. Kijana anamtaka, binti hakumficha. Sisi tumekubali. Lakini hatujajibiwa. Hilo neno tunalitaka kwa baba."

"Nitalisema mimi," Kassiani akadakia.

"Wewe umeshatambulishwa," Melkiadi akamwambia. "Kaa."

Akamsogelea Telesphor, akainama kidogo kama inavyotakiwa. "Mzee mwenzangu, tumekuja kuomba binti."

"Binti gani?"

"Huyu hapa."

Telesphor akatikisa kichwa. "Huyu ana baba yake. Kamwulizeni baba yake."

Hapo ndipo nilipoona mambo yameisha. Hakusema uongo, hakukosa adabu, alijibu kama baba yeyote wa maana angejibu kwa mtoto wa mwenzake. Melkiadi alibaki ameinama. Felista akafumba macho. Mimi, ninayejisifia vitendawili, sikuwa na mji hata mmoja wa kutoa.

Faith akapiga magoti mbele yake.

"Baba yangu amenituma kwako," akasema. "Ameniambia nikuulize wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Hana anayemwamini zaidi."

Telesphor akajikuna shavu. Alionekana amepewa kazi kubwa. Akamwita Heri kwa kidole, Heri akaja akachuchumaa.

"Huyu kijana ndiye?"

"Ndiye," Faith akasema.

"Anakupiga?"

"Hanipigi."

"Anacheka? Usiende na mtu asiyecheka, nyumba inakuwa ndefu."

"Anacheka. Leo anaogopa tu."

"Mm." Akamtazama Heri muda mrefu kuliko yule daktari alivyoitazama saa yake. Halafu akamshika binti yake mkono. "Basi kamwambie baba yako mimi nimesema akubali. Akikataa mlete kwangu, nitaongea naye."

Hakuna aliyepiga kigelegele mara moja. Tulikuwa tunamtazama Melkiadi, maana yeye ndiye mwenye kupokea. Mzee yule akarudisha kofia kichwani.

"Neno limetoka mdomoni mwa baba," akasema. "Nani hapa hakulisikia?"

Shangazi Theopista ndiye alianza vigelegele, yeye ana uzoefu wa harusi.

Tukapakua. Kabla sahani hazijafika kwake, Telesphor akaniuliza wageni hawa wamefuata nini. Nikamwambia wamekuja kuomba binti. Akamtazama Faith, akamwuliza yale yale, anakupiga, anacheka, akakubali tena. Baada ya nyama akakubali tena. Soda zilipochelewa akakataa kabisa, akasema watu gani hawa, hata hawanywi; Melkiadi akasema hilo hatulibebi kwenda Mishamo. Faith alikaa pembeni yake muda wote, wali unapoa, anajibu kila mara kama ndiyo kwanza anaulizwa, na kila mara sauti yake ilikuwa chini kidogo kuliko mara iliyopita.

Wageni walipoanza kuwasha pikipiki, mwanangu akanivuta kanga.

"Mama, yule binti wanamwacha?"

"Leo bado. Atakwenda baada ya harusi."

"Baba yake atalia huyo," akasema, akaendelea kuwapungia mkono.