Wimbo wa Ng'washi

Nina uongo wenye umri wa miaka thelathini, na Jumamosi iliyopita nilisafiri nao kutoka Mbeya hadi Iringa. Pembeni yangu alikaa mdogo wangu Ng'washi, amejipaka mafuta kama anayekwenda kuposwa.

Tulikulia Usangu, watoto wa wafugaji. Betri za redio ya baba tulizianika juani zipate nguvu, na zikipata tulisikiliza Lukosi Sound, bendi ambayo leo ukiitaja watu wanadhani ni duka la spika. Siku moja ndama wa Ng'washi alikufa, naye akalia mchana kutwa. Nikamwambia, "Nyamaza, Ng'washi. Sikiliza, bendi inakuita." Redio ikakoroma: "Ng'washi, Ng'washi taa..." Akanyamaza. Kesho yake ukoo mzima ulikuwa na habari kwamba binti yetu kaimbwa redioni.

Mwimbaji alisema "nawasha." Nawasha taa, mpenzi unione. Mimi nilijua.

Sasa Ng'washi kasikia kwamba mwimbaji yule, mzee Joachim, yu hai, anauza miche ya parachichi pale Ipogolo, Iringa. Anataka kumshukuru. Njia nzima niliomba tusimkute.

Tulimkuta akimwagilia. Kusikia kuna watu bado wanaikumbuka Lukosi Sound, aliweka ndoo chini akacheka mpaka akashika kiuno.

"Tuimbie kidogo, baba," Ng'washi akasema. Nikaanza kukagua miche kama bwana shamba.

Mzee akaimba polepole, kila neno limenyooka: "Nawasha, nawasha taa..."

Nikafumba macho. Mara sauti ya mdogo wangu ikapanda juu ya ile ya mzee, bila haya: "Ng'washi, Ng'washi taa..." Mzee akashtuka, akatabasamu, akamfuata. Waliimba hivyo hadi mwisho, wakicheza katikati ya miche, na mimi nikaigeuza ndoo nikawapigia ngoma. Nilifurahi mno, nikasahau kuogopa.

Tulipoaga, nikaona bora niseme.

"Ng'washi, ule wimbo..."

"Unasema nawasha. Nimejua tangu darasa la tano."

"Mbona ulinyamaza miaka yote hiyo?"

"Siku ndama wangu amekufa ulinipa wimbo, kaka. Mpewa hapokonyeki."

Akanipa miche miwili nimbebee.