Kulfi Ndani ya Blanketi

Mara ya kwanza Jasleen alipompelekea Nanaji kulfi, ilifika Bungoma ikiwa maziwa. Nanaji, yaani Mzee Harbhajan, baba wa mama yake, aliipokea kwa heshima zote akainywa kwa kikombe. Hakulalamika, lakini roho ilimuuma Jasleen vibaya. Tangu mkewe afariki, mzee huyo hakuwa ameonja kulfi ya nyumbani, ile ya maziwa yanayochemshwa mpaka yawe mazito, yanatiwa sukari na iliki, kisha yanagandishwa katika vikopo vya bati.

Sasa Jasleen alikuwa amegandisha vikopo vingine, na safari ya kutoka Kitale ilikuwa mchana huo huo, jua likiwa kali. Apeleke maziwa tena? Bora abaki nyumbani!

Akaenda kumlilia shida jirani yake, Ciru. Akamkuta anapakua githeri ya mahindi na maharagwe kutoka sufuria iliyozamishwa katika kikapu kilichoshindiliwa blanketi kuukuu. Githeri ilifuka mvuke, na jikoni hamkuwa na moto hata wa dawa.

"Mum alichemsha asubuhi, akaweka hapa, akaenda shamba," Ciru akasema. "Imejiivia yenyewe."

"Kwani hii blanketi iko na moto?"

"Moto gani, bana? Si ushike hiyo ingine iko kwa kiti."

Jasleen akaishika. Baridi tu.

Hapo akili ikamchangamka. Joto ni kiguu na njia, halitulii. Kila mara hutoka penye moto kwenda penye baridi. Ndiyo maana kijiko cha chuma kikisahauliwa ndani ya chai hukuunguza vidole, lakini mwiko hauna neno: chuma hulipitisha joto upesi, mti hulichelewesha. Na blanketi ndiyo kaidi kabisa, kwa vile imejaa hewa iliyonaswa kati ya nyuzi zake. Kama inazuia joto la githeri lisitoke, itashindwaje kuzuia joto la nje lisiingie?

"Ciru, niazime hii kikapu!"

Mama yake, Preeti, alipomwona akifunga vikopo alishika kiuno. "Wewe! Barafu unavalisha blanketi? Si itasikia joto!"

"Mummy, blanketi haitengenezi joto. Inafunga mlango tu."

Preeti alicheka, lakini hakuamini hata chembe.

Njiani, walipofika Kamukuywa, Preeti alisimamisha gari anunue ndizi. Jua lilikuwa linapiga kikapu moja kwa moja kupitia kioo. "Fungua kidogo ipate hewa," akasema, mkono tayari uko kwenye kifuniko cha kikapu.

"Ikipata hewa imekwisha! Hewa yenyewe iko moto!" Jasleen alikikumbatia kikapu, kisha akakiburura mpaka kivulini, upande wa pili wa kiti. Jua halina haja ya kukugusa ili likupashe joto. Miale yake husafiri kutoka huko juu na kutua popote pasipo na kivuli. Njia yote iliyobaki mkono wake ulilinda kile kifuniko kama askari wa benki.

Bungoma, Nanaji alikuwa ameketi barazani. Jasleen akafunua blanketi na kumpa kikopo kimoja. Mzee akakipindua juu ya sahani, akakigonga, akakitikisa. Kulfi haikutoka. Ilikuwa ngumu ajabu, imeng'ang'ania bati! Jasleen nusura aruke kwa furaha.

"Shika na mikono yote mbili, Nanaji."

"Uui! Baridi inaniingia mpaka kwa mfupa!"

"Si baridi inaingia. Ni joto yako inatoka. Inapita kwa bati, inaenda kwa kulfi."

Mzee akamtazama kwa macho ya kutaka kubisha, lakini viganja havikuachia. Punde ukingo wa kulfi ukalegea kidogo tu, na yote ikateleza ikatua sahanini, nzima nzima.

Akakata kipande, akakitia mdomoni, akafumba macho. Mzee alikula polepole mpaka sahani ikawa tupu, kisha akamnyooshea mjukuu wake viganja vyote viwili.

"Lete ingine," akasema. "Mikono bado iko na joto."