Juni Alikuwa Harusini

Usiku wa kuamkia jana Hidaya, mwalimu wa chekechea huko Muheza, aliota ameitwa mbele ya kamati inayoamua nani ana ugonjwa wa uchovu na nani ni mvivu tu. Mwenyekiti alikuwa kipimajoto. Kando yake alikaa mama mkwe wake, Bi Mwanahawa, aliyekuja kuwatembelea wiki ile na ambaye hakuacha kuuliza kwa nini mke wa mwanawe analala mchana.

"Kigezo cha kwanza," kikasema kipimajoto, "uchovu uwe umedumu miezi sita. Iitwe."

Miezi inaingia, inaketi kwenye benchi. Januari anapiga miayo. Aprili analowesha sakafu. Wa mwisho, Juni, anachelewa, na anapofika amevaa kanga za sare, ananukia pilau.

"Nilikuwa harusini," anasema. "Na Hidaya alikuwepo. Alicheza."

Mara chumba kimekuwa ukumbi wa harusi ile ile. Ngoma zimenyamaza, wageni wote wanamtazama Hidaya, naye yuko katikati na gauni la kulalia. Anajitanda mtandio usoni. Mtandio nao unaona aibu, unateleza na kwenda zake.

Mizani ya zahanati, mjumbe mwingine wa kamati, ikatamka kwamba anayecheza haumwi. Hidaya alikuwa na la kujibu, lakini lilimwaibisha kuliko hilo shtaka.

Ndipo kitanda chake kikaingia kwa miguu yake minne, kikaomba radhi, kikaeleza. Baada ya ngoma ile alilala siku tatu, hawezi hata kushika kikombe. Mumewe alikuwa safarini. Alifunga mlango, akawaambia majirani kwa simu kwamba yuko kwa shangazi yake. Na choo kilimshinda kukifikia, akajikojolea pale pale.

Bi Mwanahawa akainamisha kichwa.

"Kigezo cha pili," kikasema kipimajoto, "ajitahidi kidogo, kisha aanguke kabisa." Kwa mara ya kwanza zebaki yake ikapanda.

Hidaya aliamka kumekucha. Bi Mwanahawa alikuwa mlangoni na bakuli la uji, hamtazami usoni. Akaja kuketi ukingoni mwa kitanda.

"Siku zile tatu," akasema taratibu, "ungeniita, mwanangu. Ningekuja kukuogesha."

Hidaya hakuwahi kumweleza mtu yeyote. Akamuuliza nani kamwambia.

Bi Mwanahawa alipitisha kiganja kwenye ubao wa kitanda, kisha akaanza kuupoza uji.