Tochi ya Mjomba Nati

Kikosini kwetu hakuna rubani mwenye macho kama yangu. Nikiwa juu ya mawingu namwona mbuzi anayetafuna, tena nakwambia anatafunia shavu gani. Ndiyo maana wananiita Kipanga.

Basi siku ile Kipanga akatua, akavua kofia, asione kilichokuwa mfukoni mwake mwenyewe.

Mjomba Nati, fundi wa ndege yangu, alikuwa anahesabu vifaa. Kwenye ubao wake kila kifaa kimechorewa umbo lake kwa rangi nyekundu, na umbo la tochi ndogo lilikuwa tupu. Kifaa kikipotea, hakuna ndege inayoruka. Huenda kimelala ndani ya injini, na injini ikimeza chuma inamtapika rubani.

Tukaingia uwanjani wote, tumeinama kama kuku.

"Mjomba, labda imechoka kumulika upara wako!" nikamtania.

"Cheka tu, mpwa wangu." Alikuwa anatambaa kwa magoti yake mabovu. "Miaka thelathini sijapoteza hata nati. Zimebaki wiki sita nistaafu."

Nikapiga goti nami. Kitu kikanichoma pajani.

Tochi! Niliichomoa sandukuni kwake asubuhi, nitafute peremende iliyoniangukia chini ya kiti. Sikumwambia mtu, na kuirudisha nikasahau.

Ningesema pale pale. Lakini kusema ni kufutwa kwenye maonyesho ya ndege ya Jumamosi, na mama alishaalika mtaa mzima. Nikaidondosha kwenye nyasi, nikapaza sauti: "Hii hapa! Si niliwaambia macho haya?"

Wakapiga makofi. Mkuu wa kikosi hakupiga.

"Kumbe uliiangusha kando ya njia ya ndege," akamwambia Mjomba. "Lete funguo za karakana. Ndege usiziguse tena."

Mjomba akazifungua kiunoni taratibu, akanigeukia. "Ahsante, mpwa wangu. Ingekuwa ndani ya injini yako, nisingejisamehe."

Sikujua pa kuyaweka macho yangu maarufu. Yakaenda kugongana na ya Shangazi wa stoo ya mavazi, aliyekuja kuchukua kofia yangu.

"We Kipanga," akasema, mkuu akisikia, "si ndiyo tochi iliyokuwa mfukoni mwako nilipokuwa nakufunga suti? Nikakuuliza ya nini mchana kweupe. Ukanijibu unaenda kulitafuta jua."