Blogu ya Mama Vifundo

"Unawaandikia wasiojua kusoma," fundi viatu alisema, misumari miwili ikiwa imebanwa midomoni. "Sasa hayo maandishi yako, jirani, watayasomaje?"

Mama Vifundo alimaliza mshono kwanza. Aliondoa mguu kwenye kanyagio, cherehani ikanyamaza, naye akaitazama simu aliyoiegemeza kwenye kopo la vifungo. Makala yake ya kwanza ilikuwa tayari tangu asubuhi. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza tu.

"Watasomewa na watoto wao," alisema hatimaye. "Kama mimi nilivyosomewa na wangu."

"Hapo umeniweza. Basi bonyeza, maana tangu saa nne umeikalia simu hiyo kama kuku anayeatamia."

Wawili hao waligawana baraza moja kwa miaka kumi na tisa. Miaka yote hiyo wateja waliyasifu mazoea ya jirani huyu wa cherehani. Hakuandika vipimo. Alimkatia kila mteja uzi wake, akafunga kifundo kimoja penye upana wa bega, viwili penye kiuno, vitatu penye urefu wa gauni, kisha akaufungia kipande cha kitambaa cha mteja mwenyewe ili usipotee kati ya nyuzi za wengine. Watu walidhani ni ufundi wa kurithi, wakampa na jina. Hawakujua kwamba hakuwa na njia nyingine. Tarakimu zilimtazama, naye akazitazama, bila kusalimiana.

Mwaka uliopita alijiunga na darasa la watu wazima. Siku moja mwalimu aliwataka waandike jambo wanalolijua kuliko wenzao. Wengine walijaza ukurasa. Yeye daftari lilimwishia. Kumbe alikuwa na mawazo! Namna ya kukata kitambaa kisibaki kipande cha kutupa. Namna ya kumwachia mtoto pindo la kukua nalo. Namna mtu mzima anavyoweza kuomba kufundishwa bila kuinamisha kichwa. Yote hayo alikuwa akiyagawa kwa mdomo pale barazani, nayo yaliondoka na wateja kama makombo ya uzi kwenye nguo zao. Sasa aliyatafutia mahali pa kukaa, ili hata mtu asiyemjua ayakute. Mwalimu akamfungulia blogu.

Lakini kueleza siri ya vifundo kulikuwa kujianika. Na hakujianika peke yake. Binti yake alikuwa karani, na nusu ya wenzake ofisini walishonewa nguo hapo. Mama alikwisha kuapa moyoni: binti akikunja uso, atafuta kila neno, wala hatafungua blogu tena.

Binti alifika saa kumi, mkoba begani.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," fundi viatu aliitikia. "Mama yako leo ni mwandishi. Hata suruali yangu imekosa wa kuitia kifungo."

Mama alimpa simu. Kisha akachukua mkono wa gauni na kuanza kufumua mshono usio na kosa lolote.

Binti alisoma amesimama. Penye vifundo alitabasamu. Halafu tabasamu likapotea.

"Mama, sentensi hii itoe."

"Ipi?"

"Hii hapa: 'Binti yangu alinisomea kila barua ya shule bila kunificha neno.'"

Mkono wa mama ulisimama juu ya mshono. "Nimeelewa," alisema taratibu. "Watajua kwamba mama yako alikuwa hajui. Nitayafuta yote, mwanangu. Si neno."

"Uyafute? Wee mama! Wenzangu niliwaambia tangu siku uliyoanza darasa. Mmoja ameshamwandikisha mama yake." Binti aliketi kwenye stuli ya wateja. "Tatizo ni kwamba sentensi hiyo si kweli."

"Si kweli vipi?"

"Unaikumbuka barua ya darasa la sita? Niliyokusomea kwamba nimeongoza darasa, ukanishonea sketi?"

"Ile ya marinda! Niliimaliza kwa siku moja."

"Nilikuwa nimesimamishwa shule siku tatu, mama. Kwa kupigana."

Nyundo ya fundi viatu ilikoma. Mama Vifundo alimtazama binti yake, akaitazama simu. Alicheka mpaka akaegemea cherehani.

"Nami nilikwenda kumtangazia jirani!"

"Ulinitangazia," fundi viatu alidakia, "nami nikampa viatu vya zawadi. Ewe mtoto, viatu vyangu virudi!"

"Nisameheni, wazee wangu."

"Moyo wangu umeshinda juu juu kutwa nzima," mama alisema akijifuta machozi, "kumbe jambo lenyewe ni sketi."

Alichukua simu, akaifuta sentensi ile herufi moja moja, mpaka pakabaki nafasi nyeupe.

"Haya. Siku hizo tatu ulivaa sare kila asubuhi, nikakufungia chakula, nikakuaga. Ulikuwa ukienda wapi?"

Binti aliuficha uso ndani ya gauni lisilokwisha kushonwa, mabega yakitikisika kwa kicheko. Fundi viatu akasogeza kigoda chake karibu. Mama Vifundo akavaa miwani, akaweka kidole juu ya kioo cha simu, akangoja.